Maoni ya Watu Kuhusu Viumbe Vamizi: Mwongozo wa Kuingia Kwenye Kazi Hii Ukiwa Nairobi

Wanaotaka kutafiti maoni ya watu kuhusu viumbe vamizi, yaani mimea au wanyama walioletwa kutoka kwingine wakaenea na kuleta madhara, huuliza maswali yale yale kila mara: nisome nini, nianzie wapi, nihoji watu wangapi, na ajira ipo kweli? Mwongozo huu unayajibu kwa kukupitisha kwenye utafiti wako wa kwanza, tangu kuchagua mmea hadi kumkabidhi ripoti anayesimamia mahali ulipoota. Tumeuandika hivyo kwa sababu anayeajiri kwenye fani hii huuliza kwanza umefanya nini, vyeti baadaye. Utafiti mmoja mdogo uliofanywa kwa uangalifu utakufungulia milango ambayo semina kumi hazitafungua.

Kwa nini kazi hii ipo? Mwaka 1997 nchini Italia, jaribio la kuwaondoa kindi wa kijivu lilisimamishwa baada ya watetezi wa haki za wanyama kwenda mahakamani. Kesi zilipomalizika, kindi walikuwa wameshasambaa kiasi kwamba kuwamaliza hakukuwezekana tena. Hapa kwetu, mwaka 2006 wakazi wa Ilchamus, Baringo, waliishtaki serikali kuhusu mathenge, mti ulioletwa kuzuia jangwa, na mbuzi aliyeharibika meno kwa kula maganda yake akafikishwa kortini kama ushahidi. Mathenge huo huo wengine wanauchoma makaa na kuuza. Mtaalamu wa mimea atakueleza unavyoenea. Nani atakubali ung'olewe, kwa njia gani na kwa masharti gani, hilo ni swali la kwako.

Shika jambo moja kabla ya yote. Mtu wa kawaida hana maoni kuhusu "viumbe vamizi". Ana maoni kuhusu mmea fulani, utakaoondolewa kwa njia fulani, na watu fulani, mahali anapopita kila siku. Ukimuuliza kwa ujumla atakujibu kwa adabu, nawe utarudi nyumbani na data isiyosaidia mtu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Shahada, au uwe unaisomea: sosholojia, jiografia, mazingira, usimamizi wa wanyamapori au ugani wa kilimo. Yoyote inafaa, mradi uongeze upande usiokuwa nao. Wa sosholojia ajifunze kutambua mimea, wa mimea ajifunze takwimu na mbinu za mahojiano.
- Msimamizi mmoja wa chuo atakayetia sahihi maombi ya maadili na ya kibali.
- Simu sita za Android za kawaida, na paworibanki mbili za akiba.
- Akaunti ya KoboToolbox kwa kukusanya data, na programu ya R kwa kuichambua. Zote unaanza nazo bila kulipa.
- Wahojaji 6 wanaozungumza Kiswahili cha mtaani bila kujilazimisha.
- Bajeti ya posho, nauli, kredo na bando, kuchapisha picha, na asilimia 10 ya dharura.
- Muda wa miezi sita. Kibali na maadili vitakula miwili au zaidi, kwa hiyo anza navyo.

Hatua ya 1: Chagua mmea mmoja, mahali pamoja, uamuzi mmoja

Nairobi ina mifano tele. Kuna lantana katika msitu wa Karura na mbuga ya Nairobi, gugu la partheniamu kando ya barabara na kwenye viwanja vitupu, na gugu maji kwenye bwawa la Nairobi, kati ya Kibera na Lang'ata. Tutatumia bwawa hilo kama mfano hadi mwisho, maana lina pande mbili zisizofanana: kusini mitaa ya Lang'ata, kaskazini Silanga na Lindi, mitaa ya Kibera.

Andika swali lako kwa sentensi moja. Kwa mfano: "Wakazi wa pande mbili za bwawa wanakubali njia ipi ya kuondoa gugu maji, na kwa sharti gani?" Sentensi ikihitaji "pia" mara mbili, punguza.

*Kosa la kawaida:* kuchagua mada ambayo hakuna anayeifanyia uamuzi. Kabla ya kuendelea, mtafute mtu anayesimamia mahali hapo na umuulize, "Ungependa kujua nini kutoka kwa watu ambacho kingebadilisha unachofanya?" Jibu lake ndilo kiini cha hojaji yako.

Hatua ya 2: Vibali

Fuata mpangilio huu, usiuruke:

1. Pendekezo la utafiti likubaliwe na idara yako.
2. Idhini ya kamati ya maadili iliyosajiliwa.
3. Kibali cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), ukiomba mtandaoni na kuambatisha idhini hiyo.
4. Kuripoti kwenye ofisi za kaunti, kisha kwa chifu wa eneo, kisha kwa wazee wa nyumba kumi.
5. Ukiingia msitu au mbuga, ruhusa ya wanaoisimamia.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhusu. Usichukue jina. Namba ya simu, ukilazimika kuichukua kwa ajili ya kukagua, ihifadhi kwenye faili tofauti na majibu. Usirekodi mahali hasa penye mlango wa mtu. Jina la mtaa linatosha.

Chifu akikupa mzee wa nyumba kumi akutembeze, mshukuru na utembee naye. Ila mahojiano yakianza, mzee asimame mbali. Hakuna mpangaji atakayesema mbele yake kwamba haiamini serikali.

Hatua ya 3: Sikiliza maneno kabla ya kuandika maswali

Hapa ndipo wanaoanza huharakisha, na hapa ndipo utafiti wa Kiswahili hupatia au hupotea. Tenga wiki mbili. Zungumza na watu 12, sita kila upande wa bwawa: mama mboga, keyateka, soja, anayelima nduma kandokando ya maji, mwenye nyumba, kijana wa bodaboda. Usiende na hojaji. Onyesha picha ya mmea, nyamaza, na uandike neno la kwanza analotumia.

Utagundua kwamba maneno yetu yana uzito wake.

"Dawa" ni neno jema. Ukiuliza, "Unakubali wapige dawa ya magugu?" utapata ndiyo nyingi kuliko ukiuliza, "Unakubali wanyunyize sumu ya kuua magugu?" Kemikali ni ile ile. Chagua maelezo yasiyosifu wala kutisha, kama "kemikali inayokausha mmea", na wahojaji wote wayatumie bila kubadilisha hata neno moja.

"Vamizi" huleta picha ya wezi na wanyakuzi. "Ya kigeni" huleta picha nyingine kabisa, maana mgeni kwetu hukaribishwa. "Kuondoa" na "kusafisha" ni hatari zaidi ukiwa upande wa Silanga: anayeishi karibu na maji akisikia bwawa litasafishwa, husikia nyumba zitabomolewa. Atakataa kung'olewa kwa gugu asilolipenda kwa sababu analilinda paa lake. Usipolijua hili mapema, utaandika kwenye ripoti kwamba wakazi wa Kibera hawajali mazingira, nawe utakuwa umewakosea watu na umempotosha msimamizi wa bwawa.

Kisha kuna swali la kukanusha. Kiingereza na Kiswahili hapa vinakwenda njia mbili. Muulize mtu, "Huupendi mmea huu?" Akijibu "ndiyo", anamaanisha kweli, siupendi. Mhojaji aliyezoea Kiingereza ataandika kwamba anaupenda. Ondoa kila swali lenye kukanusha.

Hatua ya 4: Andika hojaji

Andika kwa Kiswahili tangu mwanzo. Tafsiri ya Kiingereza ni ya kamati na ripoti. Mtu wa pili airudishe kwa Kiswahili bila kuona ya kwanza, kisha mlinganishe. Maswali yasizidi 35, dakika 20 hadi 25. Mpangilio unaofanya kazi ni huu:

1. Anatumiaje mahali hapa: kupita, kulima, kuvua, kutupa taka, kutazama.
2. Picha nne za A5 zilizofunikwa plastiki, mojawapo ikiwa ya mmea wa asili unaofanana kidogo na ule unaouchunguza. Ataje jina analolijua yeye. Picha ya mmea wa asili itakuonyesha nani anaufahamu mmea na nani anajibu tu ili kukuridhisha.
3. Faida na hasara anazoziona mwenyewe.
4. Maelezo mafupi, yasiyozidi maneno 40, yasomwe kwa kila mtu vile vile.
5. Njia moja moja: kung'oa kwa mikono, mashine, kemikali, wadudu wanaoula mmea, kuuacha ulivyo.
6. Anamwamini nani aifanye kazi hiyo, na nani asimamie.
7. Umri, elimu, umiliki wa nyumba, miaka aliyokaa hapo. Haya yabaki mwisho.

Kwenye njia ya wadudu eleza kwamba ni wadudu waliochaguliwa kwa kuwa hula mmea huo. Ziwa Victoria walitumiwa fukusi wa gugu maji katika miaka ya 1990. Usipoeleza, watu watafikiria nzige.

Mfano wa swali baya: "Je, unaunga mkono kuangamizwa kwa gugu hatari linaloziba bwawa na kuleta mbu?" Hapo umeshamwambia jibu, na umeuliza mawili kwa wakati mmoja. Mfano wa swali linalofaa: "Wakisema mmea huu utolewe kwa mashine, wewe unaonaje?" kisha umpe kadi yenye majibu matano: nakubali kabisa, nakubali kiasi, sina upande, nakataa kiasi, nakataa kabisa. Ongeza "sijui" peke yake, nje ya kipimo. "Sina upande" na "sijui" ni majibu mawili tofauti.

Kwa wanaojibu "sawa tu" kila mara, geuza swali: "Wako wanaosema utolewe haraka kwa kemikali, wako wanaosema utolewe polepole kwa mikono ili vijana wapate kibarua. Wewe uko upande gani?" Hapo mtu hawezi kukubali vyote.

Ukitaka kupima nguvu ya neno lenyewe, gawanya wahojiwa nusu kwa nusu bila mpangilio: nusu wasomewe "mmea wa kigeni", nusu "mmea vamizi", mengine yote yabaki vile vile. Kwenye fomu ya Kobo weka safu ya aina ya `calculate` yenye `once(random())`, inayotoa namba ya bahati nasibu kati ya 0 na 1. Ikiwa chini ya 0.5 ionekane sentensi ya kwanza, la sivyo ya pili. Usisahau `once`, la sivyo namba itabadilika katikati ya mahojiano. Kwa kazi ya mwanafunzi, jaribio hili dogo hupendwa sana na wanaosimamia maeneo kwa sababu jibu lake wanalitumia kesho yake kwenye mabango na barazani.

Hatua ya 5: Jaribu hojaji mara mbili

Kwanza watu 8. Baada ya kila swali uliza, "Umeelewa nini niliposema hivyo?" Rekebisha. Pili, watu 30 kutoka mtaa usiomo kwenye sampuli, kwa simu zile zile na wahojaji wale wale. Swali ambalo watu 27 kati ya 30 wamelijibu namna moja halikufundishi kitu; liondoe au liulize kwa njia nyingine.

Hatua ya 6: Sampuli

Kwa jiji lenye watu 4,397,073 kwa sensa ya 2019, hesabu ya kawaida ya uhakika wa asilimia 95 na ukingo wa makosa (kiasi ambacho jibu linaweza kupotoka juu au chini) wa asilimia 5 inatoa watu 385. Wengi huishia hapo. Kama lengo lako ni kulinganisha pande mbili za bwawa, kinachokuhusu ni ukubwa wa kila upande: 200 kwa 200, ambapo ukingo wa kila upande ni karibu asilimia 7. Kadiria kwamba nyumba moja kati ya tano hutapata mtu au watakataa, kwa hiyo panga nyumba 500.

Ndani ya ploti au gorofa, hesabu milango yote kwanza ukiwa na keyateka, kisha chagua kwa namba za bahati nasibu kutoka kwenye simu. Ukishaingia, usimhoji aliyefungua mlango. Uliza mtu mzima ambaye siku yake ya kuzaliwa ndiyo imepita karibuni zaidi, ndiye wako. Hayupo? Rudi mara tatu, saa tofauti, kabla ya kuhesabu nyumba hiyo kuwa imekosekana.

Saa ndizo huharibu sampuli nyingi za Nairobi. Ukihoji saa nne asubuhi siku za kazi, utakutana na walio nyumbani mchana tu. Hoji saa kumi na moja hadi saa moja jioni, na wikendi mchana. Kwa mpangilio huo mhojaji mmoja atafanya mahojiano 4 siku ya kazi na 8 siku ya wikendi. Wahojaji 6, wakipumzika Jumatatu, wanapata 192 kwa wiki. Watu 400 basi ni wiki mbili na siku moja ya kumalizia.

Epuka mvua za Machi hadi Mei, na epuka kabisa miezi ya kampeni. Wakati huo kila anayebeba simu na kuuliza maswali ni wa mwanasiasa fulani.

Hatua ya 7: Wahojaji

Wafundishe siku tatu: siku ya kwanza mmea na hojaji, ya pili kuhojiana wenyewe kwa wenyewe, ya tatu uwanjani. Waende wawili wawili, wabebe nakala ya kibali, na saa moja jioni ikifika watoke mtaani. Maneno ya kuanzia wayajue kwa moyo: "Shikamoo mama. Tunafanya utafiti wa chuo kuhusu mimea iliyo bwawani. Hatuna uhusiano na ubomoaji wala ugawaji wa ardhi. Hatuandiki jina lako. Unaweza kukataa au kukatisha wakati wowote." Kwa kijana, salamu ibadilike, maelezo yabaki.

Mhojiwa akiuliza, "Sasa hii itanisaidia nini?" mhojaji asiahidi kitu. Aseme ukweli: matokeo yatasomwa kwa wakazi na kwa wanaosimamia bwawa, na siku gani.

Hatua ya 8: Kagua kila usiku

Pakua data kila siku kabla ya kulala. Tazama vitu vitatu: muda (mahojiano ya chini ya dakika 12 kwa hojaji ya 25 yana shida), mhojaji ambaye majibu yake yote yanafanana, na mahojiano mengi mno ndani ya saa moja. Mpigie simu mhojiwa mmoja kati ya kumi waliokubali kupigiwa, umuulize maswali matatu yale yale.

Kwenye uchambuzi, anza na idadi tu kabla ya kipimo chochote cha kitaalamu. Usiripoti wastani peke yake. Majibu matano yakipewa namba 1 hadi 5, watu 200 wakikubali kabisa na 200 wakikataa kabisa, wastani ni 3, sawasawa na watu 400 wasio na upande. Hali ya kwanza ni ugomvi unaosubiri siku ya mashine kufika, ya pili ni utulivu. Onyesha mchoro wa mgawanyo kwa kila njia na kila upande. Maswali unayotaka kuyajumlisha kuwa kipimo kimoja, kama ya kuaminiana, yapime kwanza kwa alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha kama maswali yanapima kitu kimoja; ikifika 0.7 jumlisha, ikiwa chini yachambue moja moja.

Hatua ya 9: Ripoti na ajira

Andika ripoti mbili. Ya msimamizi wa bwawa iwe kurasa mbili: njia inayokubalika, na nani, kwa sharti gani, na nini kisemwe au kisisemwe barazani. Ya pili ni ya mdomo, kwa wakazi wenyewe, kwenye baraza la chifu, kabla hujaichapisha popote. Usipofanya hivyo, mtafiti atakayekuja baada yako atafungiwa milango.

Ukitafuta kazi, usitafute jina la fani hii kwenye matangazo, hulipati. Tafuta afisa wa ushirikishaji wa jamii, mtafiti wa masuala ya kijamii na kiuchumi, afisa wa ufuatiliaji na tathmini, au mshauri wa kijamii katika tathmini ya athari za mazingira. Wanaoshughulika na viumbe vamizi wako hapa hapa au karibu: CABI (shirika la kimataifa la kilimo na mazingira) ina kituo chake cha Afrika Nairobi, icipe (kituo cha utafiti wa wadudu) iko Kasarani, KEFRI (taasisi ya utafiti wa misitu) iko Muguga, na kuna KALRO (utafiti wa kilimo na mifugo), KWS (wanyamapori), Shirika la Misitu na NEMA (mamlaka ya mazingira). Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inaitaka serikali ihimize ushiriki wa umma katika kusimamia mazingira, na anayejua kuupima ushiriki huo kwa namba anahitajika. Tuma ile ripoti ya kurasa mbili pamoja na hojaji yako. Mara nyingi mwajiri husoma hojaji kwanza.

Mambo yakienda kombo

*Kila mtu anakubali kila njia.* Ni heshima hiyo. Angalia kama mzee au mwenye nyumba alikuwa karibu, kisha utumie maswali ya "uko upande gani".

*Mitaa yenye geti haifunguki.* Andikia chama cha wakazi wiki mbili kabla, uombe wakutangazie kwenye kundi lao la WhatsApp. Soja hafungui kwa kibali, hufungua kwa aliyeambiwa unakuja.

*Wastani umepita 5 kwenye kipimo cha 1 hadi 5.* Uliweka "sijui" kama 88 au 99 ukasahau kuiondoa. Igeuze kuwa nafasi tupu kabla ya hesabu yoyote.

*Wengi hawautambui mmea.* Hayo ni matokeo, yaandike. Usiwasaidie kuutambua ili wajibu maswali ya mbele. Wapeleke kwenye maelezo ya maneno 40 na uchambue majibu yao peke yake.

*Katikati ya kazi, uvumi wa ubomoaji umetokea.* Simamisha upande huo siku hiyo hiyo. Rudi kwa chifu na wazee, ueleze tena, subiri angalau wiki moja. Mahojiano yaliyofanywa baada ya uvumi yatie alama kwenye data, uyalinganishe na ya kabla yake. Yakitofautiana sana kwenye swali la kuamini serikali, yachambue mbali na mengine na uyaweke kwenye sehemu yake ndani ya ripoti.